Askari aliyemdhulumu mtoto akipewa adhabu nyepesi: cha kufanya kabla siku za rufaa hazijaisha

Askari polisi aliyemnajisi mtoto anatoka mahakamani na kifungo cha nje, au na miezi michache ambayo karibu yote ameshaimaliza mahabusu, na watu wanachemka. Wana haki ya kuchemka. Mtoto hufundishwa kwamba akipotea au akiogopa amkimbilie mwenye sare, na aliyeigeuza sare hiyo kuwa mtego hastahili kuhurumiwa kwa sababu ya sare hiyo hiyo. Wala si jambo la nadra. Uchunguzi wa gazeti la Washington Post uliochapishwa mwaka 2024 ulihesabu askari wasiopungua 1,800 wa majimbo na miji ya Marekani walioshtakiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto kati ya 2005 na 2022. Katika waliotiwa hatiani, karibu asilimia 40 hawakwenda gerezani.

Tabu ni kwamba hasira hupanda siku ya kwanza na kupoa ndani ya wiki mbili, huku siku za rufaa zikikatika kimya kimya. Tena mara nyingi yote humwangukia hakimu, wakati wepesi wa adhabu ulishapandwa miezi mingi nyuma, mezani kwa aliyeandika hati ya mashtaka. Mwongozo huu ni wa familia, majirani, walimu na vikundi vya haki za watoto wanaotaka kuufikia mlango ulio sahihi, mapema, bila kumuumiza mtoto mara ya pili. Mifano ya nchi imewekwa ili kuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Siku za rufaa za kwenu ziulizeni masjala ya mahakama siku ile ile adhabu inaposomwa.

Mtoto kwanza, na mapema kuliko yote

Kabla ya kuandika neno lolote hadharani, funga njia zinazoweza kufichua mtoto ni nani. Wengi wanajua kwamba jina lake halitajwi, lakini jina ni kipande kimoja tu. Mtaa, darasa, kazi ya mama, picha ya nyumba, tarehe ya tukio: kila kimoja peke yake hakisemi kitu, ila vitatu vikikaa pamoja, watu wa eneo lile wanamjua. Kikundi kikubaliane tangu mwanzo ni vipande gani viwili tu vitakavyotumika, kwa mfano umri wa jumla na mkoa, kisha kila mtu abaki hapo hapo. Hatari hutokea pale mmoja anapoandika shule, mwingine anaandika mtaa, na gazeti linaandika umri kamili.

Lipo kosa moja ambalo hata watu makini hulifanya. Askari akiwa ni baba, baba wa kambo, mjomba au mpangaji wa nyumba ya mtoto, kumtaja askari ni kumtaja mtoto. Katika hali hiyo jina lake liachwe kwenye mabango na kwenye mitandao, litumike ndani ya barua rasmi pekee. Askari asiye na uhusiano na familia, aliyetiwa hatiani kwenye mahakama ya wazi, kwa kawaida anaweza kutajwa, isipokuwa mahakama imeamuru vinginevyo. Ulizeni kama kuna amri ya namna hiyo, na jibu liandikwe.

Ripoti ya daktari haipigwi picha wala haitumwi kwa mtu asiyehusika. Kama kuna video au picha za udhalilishaji, usiisambaze hata kwa nia ya kuthibitisha kosa. Katika nchi nyingi kuituma ni kosa la jinai linalojitegemea, na kila anayeifungua anamdhulumu mtoto upya. Usiifute pia. Simu au kifaa chenye ushahidi huo kikabidhiwe mpelelezi au mwendesha mashtaka, upate hati ya mapokezi yenye tarehe na saini.

Kuna pia usalama wa kawaida kabisa. Askari aliyetoka nje ana wenzake kazini, na wengine bado wanamwita kaka. Familia isitumwe kwenye kituo kile kile kuripoti vitisho. Waende ngazi ya juu yake, kwa mwendesha mashtaka, au kwenye chombo huru cha kusimamia polisi pale kilipo. Wekeni daftari la vitisho lenye tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, namba ya simu iliyopiga, na nani alisikia. Daftari hilo ndilo linalobeba ombi la ulinzi wa mashahidi, na ndilo linaloweza kumfutia dhamana akiwa ameachiwa kusubiri rufaa. Maneno ya jumla kama "wanatutisha kila siku" hayafiki mbali.

Pata karatasi, usitegemee habari za redioni

Siku ile ile ya adhabu, au kesho yake asubuhi, mzazi au mwanasheria wa familia apeleke barua masjala kuomba vitu vinne: hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani), nakala ya hukumu, na amri ya adhabu. Barua iwe na namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe ya adhabu, na maneno "kwa ajili ya hatua za rufaa". Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Muhuri huo una kazi kubwa. Nchini Tanzania, kwa mfano, muda wa kungoja nakala hutolewa kwenye hesabu ya siku za rufaa, lakini huwezi kudai muda huo bila ushahidi wa siku uliyoomba.

Karatasi zikifika, anza na hesabu. Taarifa za habari hukosea hapa mara nyingi, kwa kupunguza na kwa kuongeza pia. Askari aliyepewa miaka mitano kwa kila moja ya makosa matatu, vifungo vikienda sambamba, anatumikia mitano, si kumi na mitano. Angalia kama siku za mahabusu zimekatwa. Angalia kama kifungo ni cha ndani, cha nje, au kimeahirishwa kwa masharti, na masharti yenyewe ni yapi. Halafu tafuta yasiyoonekana: je, kuna amri ya fidia kwa mtoto? Amri ya kumkataza kumkaribia? Ameandikishwa kwenye rejista ya wakosaji wa kingono pale sheria inapotaka? Amri iliyosahaulika ni rahisi kuiomba mapema na ngumu kuidai baada ya mwaka.

Wepesi uliingilia wapi?

Hili ndilo swali linaloamua barua iende kwa nani. Kuna sehemu nne pa kutazama, na usiruke yoyote hata kama jibu linaonekana wazi.

Ya kwanza ni shtaka lenyewe. Hakimu hawezi kumfunga mtu kwa kosa ambalo hakushtakiwa nalo. Linganisha yale mtoto aliyoyaeleza na kifungu kilichoandikwa. Je, kitendo kilikuwa cha kunajisi lakini hati inasema shambulio la aibu? Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya makosa ya kingono inaonyesha vizuri uzito wa uchaguzi huu. Kwa kifungu cha 8, kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake ni kifungo cha maisha, wa miaka 12 hadi 15 ni kisichopungua miaka 20, na wa 16 hadi 18 ni kisichopungua 15. Kifungu cha 24, kilichotungwa mahsusi kwa walinda sheria na wengine wanaotumia vibaya nafasi zao, kiwango chake cha chini ni miaka 10. Kwa hiyo askari anayeshtakiwa kwa kifungu cha cheo peke yake, bila kile cha kunajisi, anaweza kuingia mahakamani akiwa na kiwango cha chini kilicho nusu ya kile cha raia wa kawaida aliyetenda tendo lile lile. Kifungu kilichotungwa ili kumbana kinageuka kuwa nafuu yake. Ndiyo maana hati ya mashtaka inasomwa kabla ya hukumu.

Umri nao uko hapa. Adhabu ikiwa inapanda kadiri mtoto alivyo mdogo, umri lazima uthibitishwe kwa ushahidi. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, hutumika kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, ushahidi wa mzazi chini ya kiapo, au makadirio ya daktari. Kesi ambayo mama alisema tu "yuko darasa la tano" na hakuna aliyeuliza zaidi ni kesi inayoporomoka kwenye adhabu, hata kama kila mtu ukumbini alimwona mtoto kwa macho yake.

Tazama pia nani alipeleleza. Kama aliyeandika maelezo ya mtoto ni wa kituo kimoja na mtuhumiwa, chunguza tarehe: tukio liliripotiwa lini, likaingizwa kitabuni lini, mtoto alipelekwa hospitali baada ya saa ngapi. Vielelezo vya mwilini hupotea haraka, na saa 72 za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa kwa vipimo na kwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Ucheleweshaji uliofanywa kituoni ni jambo la kulalamikia peke yake, mbali na adhabu.

Sehemu ya pili ni makubaliano ya kukiri kosa. Yana faida ya kweli: mtoto anaepushwa kusimama kizimbani na kuulizwa maswali ya kumdhalilisha. Swali ni kama familia ilielezwa kabla, na kama kilichofutwa kilikuwa kikubwa kuliko kilichobaki. Mwenendo wa kesi huonyesha siku shtaka lilipobadilishwa na nani aliomba.

Ya tatu ni siku ya adhabu yenyewe. Soma alichosema wakili wa askari, kisha soma alichojibu mwendesha mashtaka. Mara nyingi utakuta mstari mmoja tu: hana la kuongeza. Hapo ndipo kesi nyingi huzamia. Hoja za kuomba huruma kwa askari ni zile zile kila mahali, na kila moja ina jibu lake ambalo lingepaswa kusikika siku hiyo.

"Ni mkosaji wa kwanza." Rekodi safi ilikuwa sharti la kuajiriwa, bila hiyo asingepewa sare iliyomfikisha kwa mtoto. Haiwezi kuwa ufunguo wa kuingilia na tena ngao ya kutokea.

"Amelitumikia taifa miaka mingi." Miaka hiyo ndiyo iliyomfundisha ushahidi hukusanywa vipi na hupotezwa vipi, na jinsi mtoto anavyonyamazishwa.

"Ameshapoteza kazi." Kazi hupotea kwa kila anayefungwa. Mwalimu naye huipoteza, dereva naye.

"Gerezani atakuwa hatarini." Hatari ya kweli ipo, na askari wafungwa wana haki ya kulindwa. Lakini dawa yake ni kumtenga na wafungwa wengine ndani ya gereza, na ni wajibu wa magereza kufanya hivyo.

Upande wa pili wa mizani, orodhesha yanayozidisha uzito na uangalie yapi yametajwa kwenye hukumu: alikuwa zamu au la, alivaa sare, alitumia silaha, gari au chumba cha kituo, mtoto alikuwa mikononi mwa polisi kama mlalamikaji, shahidi au mahabusu, alirudia kitendo, alimtisha, alijaribu kuharibu ushahidi au kuinunua familia, mtoto alipata mimba au maambukizi. Hukumu isiyosema chochote juu ya cheo cha mshtakiwa, wakati cheo ndicho kilichomwezesha, ina kasoro ya kisheria unayoweza kuishika.

Sehemu ya nne huja baada ya adhabu nzuri kabisa: dhamana ya kusubiri rufaa, punguzo, msamaha, kuachiwa kwa parole, yaani kutoka mapema kwa masharti. Umma ukishangilia miaka 20 na kuondoka, huenda haumwoni anavyotoka mwaka wa pili.

Rufaa ya upande wa mashtaka

Mtoto na familia yake, katika nchi nyingi, si wahusika wa rufaa ya jinai. Anayeweza kupinga adhabu nyepesi ni ofisi ya mashtaka. Kazi yenu ni kuisukuma kwa wakati. Siku ni chache. Nchini Tanzania, mkurugenzi wa mashtaka anapokata rufaa dhidi ya mahakama ya chini hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30 na sababu za rufaa ndani ya 45. Kenya, rufaa kutoka mahakama za chini ina siku 14. Uingereza na Wales, utaratibu uliowekwa na sheria ya mwaka 1988 unamruhusu mtu yeyote, hata asiyehusika na kesi, kumwomba mwanasheria mkuu apeleke adhabu iliyo nyepesi kupita kiasi Mahakama ya Rufaa, na siku zilizowekwa ni 28. Ombi moja linatosha. Barua elfu moja za siku ya 29 hukuta mlango umefungwa.

Barua isizidi kurasa mbili. Mwendesha mashtaka anayeipokea ana majalada mengine mengi. Mfanyie kazi iwe rahisi. Aya ya kwanza itaje namba ya kesi, mahakama, tarehe, kosa, adhabu, na siku ya mwisho ya rufaa kwa tarehe kamili. Ya pili itaje kosa la kisheria. Hapa ndipo watu hukwama, kwa sababu mahakama ya juu haiongezi adhabu kwa kuwa tu yenyewe ingetoa kubwa zaidi. Lazima kuwe na mojawapo ya haya: adhabu iko chini ya kiwango cha sheria, hakimu alifuata kanuni isiyo sahihi, aliacha jambo zito au alizingatia lisilohusika, au adhabu ni ndogo mno kiasi cha kuonyesha wazi kwamba kuna kitu kilikosewa. Neno "inatuumiza" ni la kweli na linaweza kuandikwa, ila haliwi sababu ya rufaa.

Mfano wa aya hiyo:

*"Hukumu, ukurasa wa 9, inataja utumishi wa mshtakiwa wa miaka 14 katika jeshi la polisi kuwa sababu ya kumpunguzia adhabu. Haitaji popote kwamba kosa lilitendeka akiwa zamu, ndani ya chumba cha kituo, kwa mtoto aliyeletwa hapo kama mlalamikaji. Tunaomba ofisi yako ikate rufaa kwa msingi kwamba mahakama iliacha kuzingatia jambo linalozidisha uzito wa kosa na badala yake ikaligeuza kuwa nafuu."*

Aya ya mwisho iombe mambo mawili: uamuzi kwa maandishi, na tarehe ya kuupata kabla siku hazijaisha. Ambatisha nakala ya hukumu. Ipeleke kwa mkono, chukua muhuri, kisha itume tena kwa baruapepe. Baada ya siku tatu za kazi, mtu mmoja aliyeteuliwa afuatilie. Kumi wakipiga simu kila mmoja kwa wakati wake, ofisi hutoa majibu kumi tofauti.

Kama mnaandikia ofisi ya mashtaka, mnaweza kuikumbusha kwamba Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1990 kuhusu waendesha mashtaka, kipengele cha 15, inawataka wazingatie ipasavyo mashtaka ya makosa yanayotendwa na maofisa wa serikali, hasa matumizi mabaya ya madaraka. Sentensi moja inatosha.

Siku zikiwa zimepita, bado kuna maombi ya kuongezewa muda, yenye maelezo ya kila siku iliyochelewa, na katika nchi nyingi kuna mapitio, ambapo mahakama ya juu huita jalada na kulikagua. Mapitio hufaa zaidi pale kosa linapoonekana usoni pa hukumu, kwa mfano adhabu iliyo chini ya kiwango cha lazima. Kwa Kenya, hoja hiyo ina nguvu zaidi tangu Julai 2024, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba viwango vya chini vya adhabu katika sheria ya makosa ya kingono ni halali na lazima vifuatwe.

Sare, silaha na pensheni

Kesi ya jinai na kesi ya nidhamu ni mambo mawili, na ya pili haingojei rufaa. Mwandikieni mkuu wa polisi mkiuliza kwa maandishi: amefukuzwa, amesimamishwa, au amejiuzulu? Tofauti ni kubwa. Anayejiuzulu kabla ya kikao cha nidhamu anaweza kuondoka bila doa kwenye faili lake, na baadaye akajitokeza kwenye kampuni ya ulinzi, shule au jeshi jingine. Ombeni kikao kiendelee hata kama ameandika barua ya kujiuzulu, na matokeo yawekwe kwenye kumbukumbu zake. Ulizeni pia silaha, kitambulisho na sare vilirudishwa tarehe gani. Askari wa aina hii anaweza kuendelea kuaminiwa mitaani kwa kitambulisho ambacho hakuna aliyekichukua.

Halafu fuateni waliomzunguka. Je, kulikuwa na malalamiko ya nyuma? Nani aliyapokea, akafanya nini? Kanuni za Maadili za Umoja wa Mataifa kwa walinda sheria, zilizopitishwa mwaka 1979, kifungu cha 8, zinawataka askari waripoti ukiukaji wanaoujua. Mkuu wa kituo aliyemhamisha badala ya kumripoti ni mlalamikiwa pia.

Kuna na njia ya madai ya fidia au ya katiba dhidi ya serikali yenyewe. Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru, Kenya, iliamua kwamba polisi walioshindwa kupeleleza ipasavyo malalamiko ya wasichana walionajisiwa walikiuka haki zao za kikatiba, na ikaamuru upelelezi ufanyike upya na kwa ukamilifu. Kesi ile haikuwa juu ya adhabu, lakini imefungua njia. Onyo ni moja: muda wa kuishtaki serikali mara nyingi ni mfupi kuliko wa kumshtaki mtu binafsi, pengine mwaka mmoja tu, na sehemu nyingine hutakiwa notisi kabla. Mwanasheria aulizwe mapema, siyo baada ya rufaa kwisha.

Hasira ya umma ikielekezwa

Umma una nguvu, mradi dai liwe na mwenye kulitimiza. Mwaka 2013 huko Busia, Kenya, washukiwa wa kumbaka msichana wa miaka 16 waliachiwa baada ya kuamriwa kufyeka nyasi za kituo cha polisi. Ombi lililokusanya saini zaidi ya milioni moja halikusema tu "haki itendeke". Lilidai washukiwa wakamatwe na kushtakiwa, na polisi walioliharibu jambo wawajibishwe. Mwaka 2015 watatu walihukumiwa miaka 15 kila mmoja.

Linganisha na California. Mwaka 2016 mwanafunzi aliyemdhulumu kingono mwanamke aliyepoteza fahamu alipewa miezi sita. Mwaka huo huo jimbo lilibadilisha sheria ili kosa la namna hiyo lisikwepe gereza, na mwaka 2018 wapiga kura wa kaunti ya Santa Clara walimwondoa jaji kwa kura. Yote mawili yalikuwa makubwa, ila hakuna lililoongeza hata siku moja kwenye adhabu ya yule kijana. Jueni mnataka nini: kubadilisha adhabu hii, au kuzuia inayofuata? Ya kwanza ni ya siku chache na mwanasheria. Ya pili ni ya miaka na bunge. Kundi moja linaweza kufanya yote, kwa watu tofauti.

Waraka wa saini uwe na mpokeaji mmoja, tendo moja, tarehe moja. Mfano: "Tunamwomba mkurugenzi wa mashtaka akate rufaa dhidi ya adhabu katika kesi namba fulani kabla ya tarehe fulani." Madai saba kwenye karatasi moja humpa mpokeaji nafasi ya kujibu lile jepesi.

Maandamano yafuate taratibu za taarifa za mahali husika, na kila aliyeyaandaa awe na nakala ya taarifa iliyopokelewa. Yaishie mahakamani, ofisi ya mashtaka au makao ya polisi. Kamwe yasipite karibu na nyumba ya mtoto wala shule yake. Mtoto haletwi, hata akiwa amefunikwa uso. Familia ya askari isiguswe. Naye ana watoto, na hawakutenda kosa. Hakimu asitishwe wala anwani yake isisambazwe. Zaidi ya kuwa kosa, kitisho humpa wakili wa utetezi hoja ya kudai kwamba rufaa haiwezi kusikilizwa kwa haki.

Malalamiko dhidi ya hakimu ni jambo jingine tena. Adhabu ndogo peke yake hurekebishwa kwa rufaa, na tume ya mahakama itawaambia hivyo. Lakini hakimu akisema mtoto "alijitakia", akiwa na uhusiano na mshtakiwa asioutangaza, au akiahirisha kesi bila sababu mara kwa mara, hayo ni ya nidhamu. Nukuu maneno yake kutoka kwenye mwenendo, taja tarehe, usiongeze tafsiri.

Kazi isiyoonekana lakini yenye matunda kuliko zote ni kukaa mahakamani. Watu wawili kwa zamu, daftari moja: tarehe, hakimu, nani alihudhuria, nini kiliahirisha kesi, tarehe inayofuata. Pale mahakama inapofungwa ili mtoto atoe ushahidi, tokeni bila kubishana. Kwa muda wa mwaka mmoja kusanyeni hukumu 20 hadi 30 za makosa ya aina hii kutoka mahakama zile zile, muandike kwa kila moja: kosa lililoripotiwa, kosa lililoshtakiwa, umri wa mtoto, kazi ya mshtakiwa, kukiri au kukana, adhabu, sababu zilizotolewa. Jedwali hilo, likionyesha askari na raia upande kwa upande, ndilo linalojadilika kwenye kamati inayotunga miongozo ya adhabu. Hukumu moja inaweza kuitwa bahati mbaya.

Nyumbani

Katikati ya yote haya, mtoto anasikia. Mtu mzima mmoja anayemwamini amweleze adhabu kwa maneno rahisi, kabla hajaisikia uwanjani: mahakama ilikubali kwamba ulisema kweli, mtu huyo ametiwa hatiani, na watu wazima wanaendelea kushughulikia muda wake gerezani. Watoto wengi huchukulia miezi michache kuwa ndiyo kipimo cha walivyoaminiwa. Asihojiwe upya na kila kikundi au mwandishi. Maelezo yake yapo kwenye jalada. Ushauri nasaha usikatizwe kwa sababu kesi imekwisha, maana kuanguka huja mara nyingi baada ya hukumu, pale shughuli zinaponyamaza.

Watakuja watu wa kumaliza nje, wakiwa na bahasha na wazee wenye heshima. Pesa ikipokelewa, upande wa utetezi utaitumia kwenye rufaa kusema familia imesamehe. Jibu liwe moja: fidia inaamriwa na mahakama, inalipwa kupitia mahakama, na haifuti adhabu.

Mwisho, ulizeni gereza tarehe ya mapema zaidi anayoweza kutoka baada ya punguzo la kawaida, na muombe kwa maandishi familia ijulishwe kabla. Andikeni tarehe hiyo kwenye kalenda mbili, na miezi mitatu kabla yake mwandikie tena bodi ya parole mkiambatisha amri ya kutomkaribia mtoto, anwani mpya ikiwa imefichwa.